Paa la Japuonj

Siku ya nne tangu choo kianze kurudisha kila kilichopewa, Bonareri alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya ploti akilifunga bomba kwa blada. Alikuwa ameikata mwenyewe kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, ukanda mwembamba unaonyumbuka ukivutwa, na aliuzungusha kwenye ufa huku akiung'ang'ania kwa meno. Bomba lenyewe lilikuwa la chuma, la enzi za yule Mhindi aliyejenga nyumba hii, duka la vitambaa mbele na vyumba vya watu wake nyuma. Mhindi aliondoka Oyugis kabla Bonareri hajazaliwa. Mabomba yakabaki. Ukutani kote palikuwa na blada za wapangaji waliopita, nyingine zimekauka zikapasuka, na kila moja ilikuwa ya mtu aliyechoka kumngoja keateka, msimamizi wa ploti.

Maji yaliacha kudondoka. Akanusa vidole vyake.

Maji hayakuwa na rangi mbaya, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mpaka mwezi Machi yalikuwa yakitoka mekundu kwa kutu, ukiyaona unajua unakunywa nini. Sasa yalitoka meupe, maangavu, ila sabuni haikutoa povu, na ndoo ikilala nayo asubuhi unakuta utando juu wa kuvutika kwa kidole. Alimwambia Cliff, keateka. Cliff akasema atamwambia Japuonj. Japuonj ndivyo watu wote walivyomwita mwenye nyumba, Mzee Boaz, kwa sababu alikuwa mwalimu miaka thelathini, na hata waliomzidi umri walimwita Mwalimu.

Chumba namba sita kilikuwa na kufuli jipya. Humo alikuwa akikaa Nyamhanga, Mkuria wa upande wa Kehancha aliyebeba magunia sokoni, mtu mkubwa mwenye aibu ya msichana. Alikuwa ameahidi kupanda juu Jumamosi aangalie ndani ya tangi. Jumatano ya wiki iliyopita alianza kuhara na kutapika. Alhamisi walimtoa kwa boda, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma wamemkaza katikati, na Ijumaa akafia hospitalini. Ndugu zake walikuja, wakachukua godoro na redio, hawakumuuliza mtu kitu.

"Mama Edinah," Cliff alimwita Bonareri kutoka mlangoni. Hakuingia. "Unaitwa kwa kibanda. Watu wa afya wako huko."

"Wanataka nini?"

"Enda tu."

Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi ya boda: benchi mbili, turubai, na sufuria ya uji ya lita arobaini. Alipofika, uji ulikuwa tayari unamwagwa. Kijana wa kaunti aliinamisha sufuria, na uji wa mtama ukashuka polepole mtaroni, ukitoa mvuke, na waendesha boda waliokuwa wateja wake jana walisimama kando wameziba pua kana kwamba unanuka. Afisa wa afya, mwanamke mwenye koti jeupe na gambuti safi, aliandika kwenye faili. Jina lake Monicah lilikuwa kwenye kadi shingoni.

"Wagonjwa tisa," Monicah alisema. "Marehemu ni wa kumi. Wote wamekunywa uji wako."

"Uji unachemka saa nzima, madam. Nani anaugua na kitu kimechemka hivyo?"

"Na vikombe?"

Bonareri alilitazama beseni. Vikombe vilikuwa thelathini, vya plastiki, na kila kimoja kikitoka kwa mteja kilizamishwa kwenye beseni, kikatikiswa mara mbili, kikapewa mteja mwingine. Maji ya beseni alikuwa akiyabeba kwa mtungi kutoka kwa ploti. Aliona hilo lote kwa mara moja, pale akiwa amesimama.

"Nasuuza na maji ya mfereji," alisema. "Ya kwa ploti."

"Basi ni wewe."

"Ni maji! Nyamhanga alikuwa jirani yangu, alikuwa anakunywa hayo hayo. Kuja upime ya ploti."

"Ploti ina cheti cha maji. Nimekiona kwa Japuonj mwenyewe." Monicah alichota maji ya beseni kwa chupa ndogo, akaifunga, akabandika karatasi. Bonareri aliisoma juu chini kutoka alikosimama. Palikuwa na tarehe, pakawa na jina lake, na baada ya jina lake neno uji.

"Mtu amekufa, mama," Monicah alisema, safari hii kwa sauti ya chini zaidi. "Jumanne kuna baraza kwa naibu wa chifu. Kama si wewe, leta kitu cha kuonyesha. Ukikuja mikono mitupu, hii faili inaenda polisi."

Akarudi nyumbani amebeba sufuria tupu kichwani. Hakuwaza juu ya kibanda. Aliwaza binti yake Edinah, miaka saba, na kwamba yeye akiwekwa ndani hapakuwa na mtu wa kumwachia. Kerosi, baba yake, alikwenda Awendo kukata miwa miaka minne iliyopita, akaoa huko, na mke wa huko alikuwa amesema wazi kwamba hataki mtoto wa Oyugis.

*

Okari alikuwa fundi wa mabomba, Mkisii mwenzake, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aliyapunguza. Alifungua kile kisanduku cha bati mbele ya nyumba ambamo mita ya maji hukaa, akachungulia, akakifunga taratibu.

"Mita ilitolewa lini?"

"Imetolewa?"

"Hakuna mita hapa, Mama Edinah. Wamekata, wakaziba. Maji yenu hayatoki kwa barabara." Alifuata bomba kwa macho, kutoka mferejini, kupitia blada zote, mpaka lilipopenya dari. "Yanatoka juu. Na kufika juu yanatoka mahali."

"Panda basi uone ni wapi."

"Hapana."

"Okari, tafadhali. Jumanne wanipeleka polisi."

"Japuonj alituambia mafundi wote, kwa paa yake hapandi mtu hajatumwa na yeye. Huyo ndiye ananipa kazi. Hizi nyumba zake zote, mpaka ile ya Rongo. Nikipanda leo, kesho nalima."

"Basi nitapanda mimi."

Okari alicheka, kisha akaona yeye hacheki. "Wewe? Hata kwetu Kisii mwanamke hapandi nyumba. Na hapa kwa Wajaluo? Mwanamke akikanyaga paa anamwita mwenye nyumba kaburini. Hiyo ni chira. Hata mimi usiniambie tena hayo maneno, sijayasikia."

Akafunga mkoba wake wa vyuma akaondoka.

Bonareri alilijua hilo la chira, nani asiyejua? Laana inayomkausha mtu na watu wake. Lakini alilipima upande huu na upande ule usiku na mchana, akafika mahali akaridhika. Marufuku ile, alijiambia, ni ya nyumba ya boma, nyumba ya nyasi ambayo mwanamume alimjengea mke wake. Hii ilijengwa na Mhindi. Ina duka la simu mbele na wapangaji kumi na wanne wasio ndugu nyuma. Mke wa nani yeye hapa? Hilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la mtu anayedhani kwamba sheria ikiwa na mipaka, basi mipaka hiyo ni ya kila mtu.

Jumamosi alikwenda kanisani kama Msabato yeyote, akaimba, asimwambie mtu. Jumapili ilikuwa zamu ya wengine kwenda kanisani, na kufika saa nne asubuhi ploti ilikuwa kimya. Alimpeleka Edinah kucheza kwa jirani ng'ambo ya barabara. Alivaa suruali aliyoiacha Kerosi, akalifunga gauni kiunoni, akaweka meza juu ya karo la kufulia na kiti juu ya meza.

Pauline wa chumba namba mbili, mjane wa Kijaluo waliyeazimana naye chumvi miaka sita, alitokeza mlangoni na mtoto wa binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa amehara siku tatu, macho yameingia ndani. Pauline alitazama kiti, akatazama suruali.

"Nyar Kisii," alisema, ndivyo alivyozoea kumwita, binti wa Kisii. "Mimi sijaona kitu." Akaingia ndani, akashusha pazia.

Mabati yalikuwa ya moto kupita alivyodhani. Alitambaa kwa magoti akifuata mistari ya misumari, mahali ambapo kuna mbao chini. Tangi lilikuwa jeusi, kubwa, limekaa juu ya vyuma, na kifuniko chake kilikuwa kimefungwa vizuri. Alikifungua kwa jasho. Alitarajia ndege aliyeoza, panya, chochote cha kuonyesha. Hakukuwa na kitu. Maji yalimrudishia uso wake na mawingu. Alikaribia kulia kwa hasira, maana amekuja mpaka hapa na tangi ni safi.

Ndipo alipoona paipu. Ilikuwa ya plastiki nyeusi, mpya, imeingia tangini kwa nyuma na kushuka upande wa pili wa nyumba, kule nyuma ya ukuta wa futi kumi wenye vipande vya chupa juu. Ukiwa chini huoni kitu kule. Japuonj alisema kule ni shamba lake na kuna mbwa. Bonareri alisogea mpaka ukingoni, akachungulia.

Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na kisima cha kale, cha mawe, bila shaka cha Mhindi, na pampu imefungwa mdomoni mwake kwa waya. Hatua tano juu yake kwenye mteremko kulikuwa na shimo la choo, lile shimo ambalo vyoo vyote vya ploti humwaga humo. Zege lake lilikuwa limevunjika katikati. Shimo lilikuwa limejaa mpaka juu. Kitu cha kijivu chenye mapovu kilikuwa kikitoka kwenye ufa bila haraka, kimejichimbia njia yake kwenye nyasi, njia ya siku nyingi, na nyasi pande zote mbili zilikuwa zimenawiri kijani kizito. Njia ile iliishia kisimani. Pampu ilikuwa ikinguruma.

Bonareri alitapika palepale juu ya bati. Alitapika akifikiria vikombe thelathini, na Edinah akipiga mswaki.

Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na kamera. Hakuwa na kitu cha kuchukua ila macho yake.

*

Baraza liliketi Jumanne chini ya turubai mbele ya ofisi ya naibu wa chifu. Mzee Boaz aliletewa kiti chenye mikono. Alikuwa na suti ya kijivu na beji ya kanisa, na mguu wake wa kushoto, ulioharibiwa na ugonjwa wa sukari, uliwekwa juu ya stuli ndogo. Watu waliokuja walipita kwake kwanza kumpa mkono.

Monicah alisoma faili. Wagonjwa sasa kumi na wawili. Naibu wa chifu akamwambia Bonareri aseme lake.

Alisema vizuri. Alisema habari ya mita, na Okari aliyekuwa amesimama nyuma akatazama viatu vyake. Alisema habari ya paipu nyeusi, kisima, zege lililovunjika. Watu walianza kugeukiana. Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa alisema kwa nguvu, "Kumbe!" Kwa muda wa kama pumzi kumi Bonareri alihisi ardhi inakuja upande wake.

Naibu wa chifu alikuna shingo. "Hicho kisima kiko nyuma ya ukuta?"

"Kiko, Chifu."

"Ule ukuta naujua. Mimi ni mrefu kuliko wewe na sioni ng'ambo. Umekionaje?"

Bonareri angeweza kusema aliambiwa na Nyamhanga, marehemu hangebisha. Neno hilo lilimjia mdomoni kabisa. Lakini angesema ameambiwa, nao wangesema ni uvumi, na uvumi hauendi kuangaliwa. Shahidi ni yule aliyeona.

"Nilipanda," alisema.

"Ulipanda wapi?"

"Juu ya nyumba."

Sauti iliyotoka kwa wanawake ilianza chini ikapanda, ile ya msibani. Watu waliokuwa karibu naye walisogea. Mama aliyesema "Kumbe" alishika kichwa kwa mikono miwili. Bonareri alimtafuta Pauline kwa macho, akamwona, na Pauline akainama kumfunga mjukuu wake vizuri mgongoni.

Boaz hakupaza sauti. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Mambo ya chira niliyaacha zamani. Nimefundisha watoto wenu wayaache. Lakini ninyi mnauona mguu huu. Kila siku mnaniuliza, Japuonj, mbona hauponi?" Aliunyooshea kidole. "Leo mimi na ninyi tumejibiwa."

"Chifu," Bonareri alisema, "kisima kiko pale. Si hatua mia tatu. Twendeni sasa hivi, wote, muone."

"Twende kuona nini, na wewe umekiri?"

"Nimekiri kuona!"

"Ya maji tutaiangalia, haijapotea. Tutaita fundi, na yeye ataandika ripoti." Naibu wa chifu hakuwa mtu mkali, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka watu wafike nyumbani mapema. "Lakini hii ya paa ni ya leo. Umepanda juu ya mzee wa watu, mgonjwa, akiwa hai. Lazima isafishwe kwanza. Wote wanaolala chini ya hiyo paa watakunywa manyasi, ile dawa ya kuondoa chira, hata watoto, ndio iishe. Ukikubali, Madam hapa atafunga faili. Ataandika marehemu alikuwa na ugonjwa wake. Ukikataa," alinyoosha mikono, "kesi mbili, mama. Ya paa na ya uji."

Monicah alikuwa amekwisha kufunga kalamu yake.

Jioni Pauline alikuja akasimama mlangoni pa Bonareri bila kuingia. "Hiyo chira ni ya mke wa mtu, kwa nyumba ya boma," alisema haraka, kwa kunong'ona. "Wazee wote pale wanajua. Japuonj anajua kuliko wote."

"Na hukusema."

"Nakaa kwake, nyar Kisii. Nitapeleka huyu mtoto wapi?"

Bonareri alimchukia kwa muda mfupi, kisha akashindwa kuendelea, maana yeye mwenyewe alikuwa amewakubalia manyasi kwa sababu hiyohiyo, mtoto.

*

Mama wa dawa aliletwa Alhamisi kutoka nyumbani kwa kina Boaz, ajuza mdogo wa mwili, miguu peku, mfuko wa mizizi kwapani. Hakuwa mtu wa kununuliwa, hilo lilionekana. Alizunguka nyumba mara moja, akaitazama juu, akamuuliza Boaz kwa Kijaluo nyumba hii alimjengea mke gani. Boaz akamjibu kwamba aanze kazi. Ajuza alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaketi chini akaanza kuponda mizizi.

Wapangaji walipangwa uani. Watoto mbele ya mama zao, kila mmoja na kikombe chake. Edinah alikuwa wa nne. Bonareri alikuwa amesali toka alfajiri, kwanza kuhusu dawa, kama ni dhambi, na mwishowe akaiacha dawa akasali kuhusu maji. Alikuwa amechemsha chungu kizima, akakileta kikiwa na kifuniko.

"Hayo hapana," ajuza alisema alipokiona. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Manyasi haipendi moto. Inataka maji ya nyumba yenyewe, mabichi."

Cliff akafungua mfereji. Maji yalijaa beseni, meupe, maangavu, na ajuza akatia unga wa mizizi, akakoroga kwa mkono mpaka kijani kikaenea. Monicah alikuwa amekuja kushuhudia. Aliegemea geti na faili yake. Naibu wa chifu alitazama saa.

Ajuza alichota kwa kibuyu kilichopasuliwa, akainuka kwa shida, akampita Bonareri, akawapita watoto, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti chenye mikono. Akakinyoosha kibuyu kwa mikono miwili.

"Wuon ot ema kwongo," alisema. Kisha, kwa sababu ya wageni, akasema tena kwa Kiswahili: "Mwenye nyumba ndiye anaanza."

Boaz hakuinua mkono. Alitazama kibuyu. Nyuma ya ukuta, kwa mbali, pampu ilisikika.

"Mimi nina sukari," alisema. "Daktari amenikataza vitu vya mizizi."

"Meza funda moja."

"Nimesema amenikataza."

"Bila wewe haifanyi kazi," ajuza alisema, na akabaki amesimama, kibuyu mbele yake, mikono ikianza kushuka kwa uzito. Tone lilidondoka karibu na kiatu cha Boaz, naye akauvuta mguu wake, ule mbovu, upesi kuliko mtu yeyote pale alivyowahi kuuona ukienda.

Waliona. Bonareri aligeuka akawatazama usoni mmoja mmoja, Okari, Cliff, Pauline, yule mama wa "Kumbe", na hakuna hata mmoja ambaye hakuwa ameona. Monicah aligeukia barabara.

"Basi, mzee asisumbuliwe, ni mgonjwa," naibu wa chifu alisema. Alimnyang'anya ajuza kibuyu kwa heshima, akavuka nacho ua mzima bila kumwaga, akamshikisha Bonareri mikononi. Kilikuwa baridi. Juu yake palikuwa na utando mwembamba unaong'aa.

"Kunywa sasa, mama," alisema. "Watoto wanangoja zamu yao."